Mbosyo kwenye mpunga: ing'oe kabla haijachanua

Wakulima wa mpunga wa Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, wanaijua mbosyo. Ni gugu linalonyonya mizizi ya mpunga; kitaalamu ni Rhamphicarpa fistulosa, mmea wa msimu mmoja unaopenda mabonde yenye unyevu. Majani yake yamechanika kuwa nyuzi nyembamba, na ua lake jeupe lenye mrija mrefu hufunguka jioni, nondo wanapoanza kuruka. Linapendeza kweli, lakini jaruba likishajaa maua hayo umechelewa.

Mbosyo na kiduha (Striga), gugu jingine linalonyonya mizizi ya nafaka, ni wa ukoo mmoja, ila tabia zao zinatofautiana, na anayezichanganya hupoteza nguvu bure. Kiduha kinapenda mashamba makavu, hakioti mpaka kisikie mzizi wa mmea wa kukinyonya, na kinaanza kudhuru kikiwa bado chini ya ardhi. Mbosyo haingoji mpunga. Mbegu yake inahitaji mwanga na udongo uliolowa, basi. Inaweza kukua na kuzaa mbegu peke yake, lakini ikiupata mzizi wa mpunga inajishikiza na kunyonya maji na chakula. Ukitaka kuhakikisha, chimba mche pamoja na shina la mpunga, usivute. Suuza tope polepole kwenye ndoo: utaona vinundu vidogo pale mizizi inapokutana. Mpunga ulioshikwa hudumaa, hutoa machipukizi machache, na shamba likivamiwa sana zaidi ya nusu ya mavuno inaweza kupotea.

Kwa kuwa inaota juu ya ardhi ukiiona, palizi ya mapema inasaidia sana. Pita wiki ya pili au ya tatu baada ya mpunga kuota, kisha rudia wiki tatu baadaye. Panda kwa mistari, sentimita 20 kwa 20; ukimwaga mbegu ovyo, miche ya mbosyo inajificha kati ya mpunga na wapaliliaji wanaikanyaga tu. Iliyokwisha kufunga vitumba usiiache kwenye tuta. Itoe shambani uichome, kwani mbegu zake ni vumbi tupu, hazifiki hata milimita moja, na maji ya mafuriko, kwato za ng'ombe na majembe yenye tope huzihamishia kwa jirani.

Maji nayo ni silaha, kwa mwenye namna ya kuyazuia. Mbegu iliyofunikwa na maji haioti vizuri. Sawazisha jaruba na uzibe matuta yanayovuja, maana vilima vidogo vinavyobaki vimelowa bila kufunikwa ndivyo vitalu vya mbosyo. Anayetegemea mvua peke yake awahi kupanda, mpunga uwe umeshika kabla bonde halijalowa kupita kiasi. Ushauri wa kuchelewa kupanda ni wa mashamba ya kiduha. Ukiuleta bondeni unaikaribisha mbosyo.

Samadi na maganda ya mpunga huongeza mavuno kwenye udongo uliochoka, lakini havichukui nafasi ya palizi. Kuhusu mbegu, Supa inapendwa sokoni kwa harufu yake ila hushambuliwa vibaya. Aina za mpunga NERICA-L-40 na NERICA-L-31 zimeonyesha ukinzani mzuri. Kama jaruba lako limevamiwa sana, weka mojawapo kwenye sehemu iliyoathirika zaidi, Supa ibaki kule kulikosafika.