Mashine iliyokataa sarafu mpya
Mashine ya soda niliyoinunua Kamukunji, Nairobi, ikiwa imeshatumika ilipokea sarafu za zamani za shilingi 20 bila tatizo, lakini zile zilizozinduliwa Desemba 2018 ilizitema zote. Muuzaji alidai kwamba kisoma sarafu kimekufa. Sikumwamini, kwa kuwa kilichokufa hakipokei hata moja. Kifaa hicho hupima kipenyo, unene na aina ya metali, kisha hulinganisha na vipimo vilivyomo katika kumbukumbu yake. Nilisafisha njia ya sarafu kwa spiriti, nikakiweka kisoma sarafu katika hali ya kujifunza (yaani kurekodi vipimo vya sarafu mpya), nikachagua nafasi tupu kwenye kumbukumbu ili vipimo vya zamani visifutike, kisha nikatumbukiza sarafu mpya 20, zikiwemo zilizochakaa (nilizipata kwa makanga wa matatu). Sasa inapokea za aina zote mbili.