Konde mpaka mnara wa Kigomasha, kwa ajili ya bibi
Jamani, miguu haipandi hata kizingiti! Jana tumetembea kutoka Konde, huku kaskazini mwa Pemba, tukapenya msitu wa Ngezi, mpaka mnara wa taa wa Ras Kigomasha. Pesa mlizoniahidi kwa matembezi haya zinakwenda kwenye nauli na vipimo vya macho kwa wazee wa mtaani kwetu.

Sababu ni bibi. Alianza kugonga bega kwenye mlango, sisi tukamcheka, eti haraka za uzee. Kumbe glakoma, ile presha ya macho. Haiumi, mara nyingi huanza kula uoni wa pembeni, na kilichopotea hakirudi. Siku hizi akimimina chai anatia kidole kikombeni ajue imefika wapi. Kusaidiwa hataki, mkaidi huyo!

Ngezi kivuli kilitudekeza. Mbele yake jua, na champali za binamu yangu zikakatika, akamalizia peku.

Niliporudi bibi akanipapasa kisigino, akalikuta lengelenge. "Hili ndilo langu?" Akacheka weee.

Wiki ijayo mie na mama tunakwenda kupimwa, maana ugonjwa huu hufuata ukoo. Na nyie ambao ahadi zenu hazijafika, nawaona.