Gari imegoma kuwaka kwenye baridi kali? Sikiliza stata kwanza

Kila baridi kali ikianza naona watu wanakimbilia kununua betri mpya kisa tu gari imegoma asubuhi, na wengine betri yao wala haikuwa na shida. Linaniuma hili, maana hela imeenda na gari bado haiwaki. Kabla hujatoa hela yoyote piga stata mara moja tu, tulia, usikilize, kwa sababu ile sauti inakuambia shida iko upande gani.

Ukiskia tik tik tik na taa za dashibodi zinafifia, hapo betri imeisha chaji au taminali zimelegea, au zimeota ule ungaunga mweupe unaozuia umeme usipite vizuri, na huo ukisafishwa na taminali zikakazwa kuna gari zinawaka palepale. Ukiskia injini inazunguka ila kwa uzito, inajivutavuta, basi ni betri dhaifu au oili nzito, na mara nyingi ni vyote viwili. Lakini kama inazunguka kwa kasi ileile ya siku zote ila haishiki, achana na betri kabisa, angalia mafuta na moto wa plagi. Na hapo usiendelee kupiga stata mfululizo, sekunde kumi zinatosha halafu pumzisha kidogo, vinginevyo stata inachemka, betri inakwisha na plagi zinalowa petroli. Zikishalowa, gari nyingi za injekta ukikanyaga mafuta mpaka chini huku unapiga stata kompyuta inakata petroli ili hewa izikaushe.

Sasa kwa nini betri na oili zinakwama pamoja? Betri ya asidi inatoa umeme kwa kemikali, na baridi inaipunguza kasi hiyo kemikali. Kwenye digrii 0 betri inapoteza kama theluthi ya nguvu zake, kwenye -18 inabaki na kama nusu, na asubuhi hiyohiyo oili imekuwa nzito kwahiyo stata inadai umeme mwingi kuliko kawaida. Yaani mtoaji kapungukiwa wakati mdai kaongeza deni. Na kinachoizeesha betri zaidi ni joto la miezi ya jua, baridi inakuja tu kuonyesha kilichokuwa kimeshachoka, ndo maana betri ya miaka minne mitano ni vizuri ipimwe kabla baridi haijaanza.

Kitu cha hatari ambacho wengi hawakijui, betri ikiisha chaji maji yake yanaganda kirahisi. Ile iliyojaa chaji inavumilia hata chini ya -50 lakini iliyoisha kabisa inaweza kuganda kwenye -10 tu hivi. Ukiona imevimba au ina ufa usiibusti (kuiwasha kwa umeme wa betri ya gari nyingine) na usiichaji, inaweza kulipuka. Ikiwa nzima ndo ubusti, waya wa chanya kwa chanya, ule wa hasi unatoka kwenye betri ya gari inayosaidia unaenda kwenye chuma kitupu cha injini ya gari iliyogoma, mbali na betri yake, kwa sababu betri inatoa gesi na cheche ya mwisho isitokee pale juu.

Oili angalia ile namba iliyo mbele ya W. 20W-50 ni oili nzuri kwenye joto ila kwenye baridi kali inakuwa nzito sana, 5W inapimwa kama stata bado inaweza kuzungusha injini kwenye -30 na 0W kwenye -35, kwahiyo fuata kitabu cha gari kinasema gredi gani kwa baridi gani. Na sio suala la kuwaka tu, oili nzito inachelewa kufika juu kwenye kemu, ile shafti inayofungua valvu, na hapo ndipo chuma kinasagana na chuma.

Ila kama una muda wa kukagua kitu kimoja tu, kagua kulanti, ile dawa ya rejeta inayozuia maji yasigande. Betri ikifa unanunua nyingine, bloku, yaani mwili wenyewe wa injini, ikipasuka umekwisha. Maji yakiganda yanatanuka kwa kama asilimia 9 na hakuna chuma cha kuyazuia, yatapasua rejeta au bloku yenyewe, na hii inawapata zaidi wale waliozoea kuongeza maji ya bomba kila rejeta ikipungua, maana taratibu kulanti inazimuliwa mpaka inabaki rangi tu. Nusu kulanti nusu maji inavumilia mpaka -37 hivi. Na usidhani ukimimina kulanti tupu ndo utakuwa salama zaidi, ile tupu inaganda kwenye -13 hivi, kwahiyo mchanganyiko ndo wenye nguvu. Kuna kipimo kidogo cha kunyonya kulanti kinachokuonyesha itaganda digrii ngapi, ni kitu cha dakika moja. Ukiwasha gari kwenye baridi halafu mshale wa joto ukapanda haraka huku hita inapuliza baridi, zima hapohapo, huenda kuna barafu imeziba njia. Usimwagie maji ya moto, chuma kinaweza kupasuka, ipeleke mahali penye joto iyeyuke yenyewe halafu kagua kama inavuja.

Kuhusu kupasha injini, gari za injekta hazihitaji kuunguruma nusu saa. Ikishawaka ipe kama nusu dakika mpaka dakika, kwenye baridi kali sana kidogo zaidi, kisha ondoka taratibu bila kukanyaga sana, inapata joto haraka ikiwa inatembea. Ikiunguruma muda mrefu imesimama tu ikiwa ya baridi, petroli ya ziada inateremka kwenye kuta za silinda na kuchanganyika na oili. Na jamani, usiipashe ndani ya gereji hata kama mlango uko wazi, na kama kuna theluji fukua bomba la moshi kabla hujawasha, ile kabonimonoksaidi haina harufu na inaua.

Wenye dizeli nyie mna lenu. Dizeli ya kawaida ina nta ndani yake, baridi ikizidi nta inajitenga na kuziba filta, gari inawaka vizuri halafu inazima njiani. Dawa ni kujaza dizeli ya majira ya baridi mapema, au kuweka ile dawa ya kuzuia kuganda kabla mafuta hayajaganda maana yakishaganda haisaidii sana. Msichanganye na petroli kama walivyokuwa wanafanya zamani, pampu na injekta za sasa zinategemea dizeli yenyewe kuzilainisha. Na asubuhi subiri taa ya hita plagi (zile plagi zinazopasha silinda kabla ya kuwasha) izime ndo upige stata.