Dakika 45 baada ya zamu

Leo tulikuwa sita kwenye kikao cha wauguzi cha kutafakari kazi yetu. Nilitarajia kumi, lakini muuguzi aliyetoka zamu ya usiku humwombi akae mara mbili. (Kikao cha kutafakari kikiendelea kufanyika nje ya saa za kazi, kitakufa. Nimeshawaambia wakubwa, na nitarudia.)

Alianza binti mmoja, macho kwenye viganja vyake. Mgonjwa wake, mama mtu mzima, saratani imeshasambaa. Watoto wamesihi asiambiwe. Nabadilisha mambo fulani hapa asitambulike. Saa tisa usiku, akimlowesha midomo kwa pamba, mama akamshika mkono: "Sista, mbona kila mtu ananikwepa?" Akajibu, "Ngoja daktari apite asubuhi, mama." Kisha akaenda stoo kujifanya anahesabu dripu.

Mimi nikadandia, mazoea ya kuongoza wodi: tuite familia, tuandike kwenye faili, daktari aketi nao. Yote sahihi, na yote yalimziba mdomo papo hapo. Graham Gibbs, mtaalamu wa ufundishaji, alipopanga mzunguko wake wa tafakuri mwaka 1988, hisia aliziweka hatua ya pili, mpango wa utekelezaji mwisho kabisa. Nawafundisha hivyo wanafunzi kila mwaka. Leo nilianzia mkiani.

Aliyeniokoa ni mwenzetu mmoja ambaye huwa hasemi. "Kule stoo ulihesabu ngapi?"

Tukacheka. "Kumi na saba," akasema. "Nilirudia mara tatu." Ndipo machozi yakamtoka.

Si kwamba hakujua la kufanya. Alijua mama ana haki ya kujibiwa; ila si yeye aliyeruhusiwa kujibu. Mwaka 1984 Andrew Jameton, mwanafalsafa wa maadili ya tiba, aliitenga hali hii ya wauguzi na ile ya kutojua njia ipi ni njema: hapa lililo sahihi unaliona, taasisi ndiyo inakuzuia. Aliyekwama njia panda naweza kumshauri. Aliyefungwa mikono, ushauri wangu ni kelele tu, na kamba nyingine nimezifunga mwenyewe. Tangazo la "majibu yote hutolewa na daktari" pale ukutani nililibandika mimi, kwa sababu nzuri tu wakati ule.

Hatukufikia uamuzi. Tulipoinuka mama alikuwa bado hajaambiwa. Daktari anapita saa nne, na binti ameomba awepo akiongea na familia, ingawa zamu yake imekwisha. Nimemkubalia. Saa hizo nimemwandikia kama za kazi.