Nilisema hapana

Kikao cha shuleni kuhusu mwanangu Kadogo na wasiwasi wake wa kwenda shule kilikuwa Jumanne. Leo Ijumaa usiku bado niko kwenye kile kiti cha watoto, magoti yamenifika kifuani, namsikia mwalimu mkuu akiniuliza bila ubaya wowote: "Na wewe mama, ulipokuwa mdogo ulikuwa hivi?"

Nikasema hapana. Haraka hivyo, kama mtoto aliyeulizwa nani kadokoa nyama.

Wiki hii mdogo wangu kajifungua salama, kazini tumebadilishiwa bosi, yote yamepita. Ile hapana haijapita. Nikiosha vyombo naijibu upya: "Ndiyo, mwalimu. Mpaka darasa la nne tumbo lilikuwa linanikata kila Jumapili jioni." Kwenye sinki najibu vizuri sana.

Mwalimu simlaumu. Ni kwamba Kadogo alikuwa pale pembeni, anatafuna ukosi wa shati hadi umelowa, akaacha kutafuna akaniangalia. Maana kuna usiku tumbo lilimuuma, niliwahi kuwaandikia, nikamwambia, "Hata mama alikuwa hivyo." Sasa kanisikia nikikana mbele ya watu.

(Kwenye fomu mwalimu alikuwa ameandika "mwoga". Nikamwomba aandike "ana wasiwasi". Akafuta. Angalau hapo mdomo ulifunguka.)

Mengine yalikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea, na nilipaswa kuanza nayo. Kadogo atafika dakika kumi kabla ya kengele, kabla geti halijajaa, na mwalimu wake wa darasa ndiye atakayempokea, kila siku yeye huyo huyo. Mimi naaga mara moja: kumbatio moja, neno moja, naondoka. Hakuna kuchungulia dirishani, na hiyo ilisemwa huku nikitazamwa mimi. Siku mwalimu hayupo, tutaambiwa jana yake. Nilipouliza kama Jumatatu mbaya abaki nyumbani, yule mwalimu wa darasa akasema, "Mama, kila siku anayobaki, geti linarefuka." Nilimpenda hapo hapo.

Halafu kuna kadi. Akiiweka mezani anatoka kunywa maji na kurudi, bila kuulizwa mbele ya wenzake. Jana imerudi na kona imekunjwa. Ameitumia mara mbili. Mara ya pili, anasema, hakuwa na wasiwasi wowote, alitaka tu kuona kama mwalimu atatimiza ahadi. Nilicheka mpaka baba yake akatoka chumbani kuuliza kuna nini.

Leo asubuhi nikimfunga kamba za viatu nikamwambia: "Ile Jumanne mama alidanganya."

"Najua," akasema. "Hiki cha kushoto hakijakaza."

Nikakaza.