Nilipoagiza Bakuli la "Skanaus"

Siku yangu ya kwanza Vilnius, mji mkuu wa Lithuania, niliandika kwenye daftari: "Supu ya waridi, ya baridi. Inaitwa skanaus." Ushahidi nilikuwa nao. Mhudumu aliweka bakuli mezani, akasema "Prašom. Skanaus," akaenda zake. Wewe ungeelewaje?

Supu yenyewe ilikuwa imekolea rangi kama khanga ambayo haijafuliwa: maziwa ya mgando, bitiruti, matango, yai la kuchemsha, vijani vyembamba vinavyofanana na vya karoti, na pembeni kisahani cha viazi vya moto. Mtu wa Tanga kunywa supu baridi ni jambo la kuombewa dua. Lakini ilikuwa Juni, jua la huko linazama karibu saa nne usiku, na nilikuwa nimezunguka mji mkongwe tangu asubuhi. Nikalimaliza bakuli.

Kesho yake nikaingia mgahawa mwingine, nikaagiza kwa kujiamini: "Skanaus."

"Ačiū," akajibu dada wa kaunta. Asante.

Nikarudia, na kidole kimoja juu. Akashukuru tena, safari hii akichungulia nyuma yangu kama anayetafuta mtu wa kumsaidia.

Kijana wa mapokezi pale nilipofikia ndiye aliyenitoa tongotongo, baada ya kucheka mpaka akakaa chini. Supu inaitwa šaltibarščiai. Skanaus ni kumtakia mtu chakula kitamu. "Kitamu" ni skanus, ila kitenzi chao cha kutakia, linkiu, hulazimisha neno linalofuata libadili mwisho wake. Ndipo skanus ikawa skanaus, kisha watu wakakiacha kitenzi chenyewe na kubaki na alama yake. Nikamwambia hata sisi tunasema "safari njema" bila kumtaja anayetakia. Akasema na wao wana gero kelio, njia njema, kwa mtindo uleule. Akanifundisha na jibu la mtu ambaye mnakula pamoja: ačiū, ir tau, asante, na wewe pia. Kulitamka ilikuwa kazi nyingine. Ulimi wangu hauna subira na konsonanti zilizobanana, na kwa siku mbili neno lilitoka "sikanausi".

Siku ya tatu nikapanda treni kwenda Kaunas, kama kilomita 100, saa moja na kitu. Mbele yangu alikaa bibi mmoja na mjukuu wake wa kike wa miaka kama 15. Nilikuwa na kibinai mbili, sambusa nono za nyama za Wakaraimu wa Trakai, jamii ambayo mtawala Vytautas aliileta kutoka Krimea mwishoni mwa karne ya 14. Nilipofungua tu mfuko, bibi akasema, "Skanaus."

Mkono wangu ukaenda kabla ya akili. Nikamsogezea mfuko, nikasema "Karibu," kwa Kiswahili kabisa. Halafu nikakumbuka somo, nikaongeza kwa sauti ya mtu aliyefaulu mtihani: "Ačiū, ir tau!"

Mjukuu akaziba mdomo. Akanieleza kwa Kiingereza kwamba kwanza bibi hali chochote, kwa hiyo hakuna cha "na wewe pia". Pili, tau ni ya marafiki na watoto. Mkubwa usiyemjua huambiwa jums. Nikahisi masikio yanawaka. Ni kama nilikuwa nimemwambia bibi wa watu "mambo vipi" badala ya shikamoo.

Bibi hakujali. Alichotaka kujua ni kwa nini nimemsukumia chakula. Nikaeleza kwamba kwetu anayekula ndiye anayeanza. Ukinikuta nina sahani, mimi ndiye nasema karibu. Wewe unajibu starehe, unapita, au unanawa mikono na kukaa. Asiyesema karibu huonekana mchoyo. Huku kwao ni kinyume, mpita njia ndiye anayefungua mdomo, na mwenye sahani anashukuru na kuendelea. Nikaongeza kwamba hatuna hasa neno letu la skanaus. Jirani zetu wa Kongo na Burundi wamechukua la Kifaransa, na kwenye hoteli za watalii wahudumu hutuambia "furahia mlo wako", maneno ambayo kila nikiyasikia nageuka kutazama ni Mzungu gani anaambiwa.

Bibi akafikiri kidogo, akasema neno ambalo mjukuu alihangaika nalo: skalsa. Zamani kijijini, ukikuta watu wanakula, uliwatakia hiyo. Mjukuu akajaribu "utajiri", akakataa mwenyewe. Akajaribu "kudumu". Mwishoni akasema ni pale mkate unapokuwa kidogo lakini hauishi haraka, wote wanashiba.

"Baraka," nikasema. Kwetu chakula kikiisha kabla watu hawajashiba tunasema hakina baraka. Mjukuu akatafsiri, na bibi akaitikia kwa kichwa, taratibu, mara tatu.

Kisha akafungua mkoba wake. Kipande cha mkate mweusi, tango, chumvi ndani ya karatasi. "Prašom," akasema, na hapo sikuhitaji mkalimani. Prašom ni tafadhali, ni usijali, na mkono wa mtu unapokunyooshea mkate, ni karibu tupu. Akapokea kibinas yangu moja. Tukala, sasa wote wawili, nikamwambia skanaus, naye akacheka. Nilipomshukuru alijibu "Į sveikatą", kwa afya, maneno ambayo pia huambiwa mtu akipiga chafya. Treni ikaingia kwenye handaki refu linalokaribisha Kaunas, tukawa gizani tunatafuna.

Mchana huo nikaingia valgykla, kantini ya kawaida ambako unabeba trei yako. Meza zilijaa. Mzee mmoja alikuwa peke yake na sahani ya viazi, kiti cha mbele yake kitupu. Nikasimama, nikasema vizuri kuliko siku zote: "Skanaus."

"Ačiū," akajibu bila kuinua kichwa, akaendelea kula.

Nami nikabaki nimesimama na trei yangu, nasubiri karibu.