Nilivyoifufua injini ya pikipiki iliyozama kwenye mafuriko ya Rufiji

Pikipiki yangu, Honda XL125 kuukuu ninayoipanda kwenda shuleni ninakofundisha, ilikaa chini ya maji siku tatu wakati wa mafuriko ya Aprili 2024 wilayani Rufiji. Usiku ule tuliwahamisha watoto kwanza, kisha magodoro na unga, na nilipoikumbuka pikipiki kilichokuwa kikionekana ni usukani tu.

Maji yalipopungua niliivuta hadi uani, nikaiosha matope ya nje, nikaiacha juani siku mbili nikiamini kwamba inakauka. Kosa hilo lilinigharimu kuliko mafuriko yenyewe. Chuma kikiwa ndani ya maji hupata hewa kidogo na hushika kutu polepole. Kinapotolewa kikiwa bado na unyevu, kutu hukivamia kwa saa chache tu. Nilipokanyaga kiki siku ya tatu, haikushuka hata kidogo.

Nilikuwa najiandaa kuisimamia kwa uzito wangu wote, ndipo jirani yangu ambaye ni fundi aliponikemea kwa upole: "Mwalimu, iache hiyo kiki. Fungua plagi kwanza." Alinieleza kwamba maji hayabanwi kama hewa inavyobanwa, hivyo pistoni ikilazimishwa kupanda wakati silinda ina maji, konrodi, yaani mkono wa chuma unaoishika pistoni, yaweza kupinda, na hapo tungekuwa tunazungumzia gharama ya injini nyingine.

Tulifungua plagi, tukailaza pikipiki ubavu, yakatoka maji ya rangi ya udongo yasiyozidi kikombe kimoja. Kisha tulimimina ndani ya silinda, kupitia tundu la plagi, mchanganyiko wa dizeli na oili safi, tukaziba kwa kitambaa na kuiacha. Kila jioni niliongeza kidogo. Siku ya nne tuliingiza gia ya juu kabisa na kuanza kulisukuma gurudumu la nyuma mbele na nyuma, taratibu, kwa sababu gurudumu huipa injini msukumo laini kuliko kiki. Kwa muda mrefu halikusogea. Halafu likacheza upana wa kidole, likarudi, likacheza tena, na baada ya kama nusu saa pistoni ilikuwa inapanda na kushuka. Sikumbuki lini nimefurahia sauti ya chuma kiasi kile.

Nilipolegeza bolti ya chini ya injini, maji ndiyo yaliyotangulia, kwa kuwa ni mazito kuliko oili, kisha ikafuata oili iliyochanganyika na maji, nyeupe kama chai ya maziwa. Tulitia oili ya bei nafuu iliyochanganywa na dizeli, tukaizungusha injini kwa kiki bila plagi, tukaimwaga, tukarudia. Kifuniko cha magineto, yaani kifaa kinachozalisha umeme wa injini, nacho kilikuwa kimejaa tope laini la mto, ambalo nililiondoa kwa mswaki na petroli, nikaacha koili zikauke kivulini siku nzima.

Kabureta, inayochanganya petroli na hewa, ilihitaji subira zaidi. Bakuli lake la chini lilikuwa na mchanga, na tundu la jeti ndogo, linalopitisha petroli, lilikuwa limeziba kabisa. Nililizibua kwa uzi mmoja wa waya laini wa breki, ingawa fundi hakupendezwa, kwa kuwa waya waweza kulipanua tundu. Petroli ya tangini niliimimina kwenye chupa ya plastiki, na baada ya muda mfupi maji yalijitenga chini. Sikuitumia tena. Chujio la hewa lilioshwa kwa sabuni, na ekzosi ilisimamishwa wima mpaka ikaacha kudondosha maji.

Cheche ya plagi ilikuwa hafifu na ya manjano hata baada ya kununua plagi mpya. Tulikata kipande kidogo cha waya wa plagi kilichokuwa kimeoza kwa kutu ndani ya kofia yake, tukaunganisha upya, na cheche ikawa ya buluu. Kiki ya saba iliwasha. Moshi mweupe wa dizeli ulijaza ua mzima, kuku wakakimbia, nasi tukaiacha ingurume dakika tano tu kabla ya kuizima na kumwaga oili, ambayo bado ilikuwa na weupe. Oili ya tatu ndiyo iliyobaki na rangi yake.

Kluchi iliyokuwa imegandana iliachia yenyewe siku ya kwanza barabarani. Beringi za gurudumu la mbele, ambazo sikuzikumbuka kabisa, zilianza kulia baada ya wiki tatu, nikazibadilisha. Ringi za pistoni, zinazozuia oili isipande juu, nadhani zilikwaruzwa na ile kutu, kwa maana injini inakula oili kuliko zamani na hutoa moshi wa bluu kidogo asubuhi. Kwa sasa napima oili kila Jumamosi na kubeba chupa ya nusu lita chini ya kiti, mpaka nitakapopata fedha za kufungua silinda.